Jibu: Kwa nini kiwanja kidogo cha ndege hakipati abiria?

Mkuu, umeuliza kwa nini kiwanja kidogo kinabaki kitupu hata baada ya ada ya kutua kufutwa. Ada ni kipande kidogo tu cha hesabu. Shirika la ndege linajiuliza kwanza: Jumanne asubuhi viti vitajaa?

Chukua ATR 72, ndege ya pangaboi yenye viti takriban 70. Ikiruka na watu 20, mshahara wa rubani haupungui, na mafuta hayapungui kwa kiasi cha maana. Basi shirika linakata safari, kutoka kila siku hadi mbili kwa wiki. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: mwenye kikao Jumatano hasubiri ndege ya Ijumaa, anawasha gari na kwenda kiwanja kikubwa. Abiria wanapungua, safari zinakatwa tena. Huku zimamoto lazima wawepo, maana kikosi chao hupangwa kwa ukubwa wa ndege, si kwa idadi ya vichwa.

Jengo jipya halisaidii (ingawa wanasiasa hulipenda, lina utepe wa kukata). Kiwanja cha Ciudad Real, Uhispania, kiligharimu takriban euro bilioni 1, kikafunguliwa 2008, kikafungwa 2012.

Marekani, tangu 1978, serikali hulipa mashirika ya ndege yahudumie miji midogo. Pesa ya namna hiyo ikiwepo, mimi ningeipeleka kwenye ratiba: kwenda asubuhi, kurudi jioni, na tiketi moja inayounganisha na safari za mbali.