Kumpata mwandishi mpya wa riwaya za mapenzi zinazoliza

Mleta uzi anasema amemaliza vitabu vyote vya mwandishi aliyekuwa akimtoa machozi, akajaribu wengine sita wanaosifiwa sana, na wote kawaacha njiani. Anauliza wapya wanapatikana wapi.

Mkuu, waandishi wamejaa tele. Kinachokukwamisha ni kwamba unatafuta "hadithi ya mapenzi yenye hisia", na maneno hayo yanabeba vitabu visivyofanana hata chembe. Kabla hujagusa orodha ya mtu yeyote, chukua vitabu vitatu vilivyokuliza kweli. Nasema vitatu kwa sababu kimoja huenda kilikukuta tu siku mbaya. Kwa kila kimoja andika mambo manne: nini kiliwazuia wapenzi wasiwe pamoja (ugonjwa, umbali, tabaka, siri, ndoa nyingine, au kiburi chao wenyewe), nani anasimulia, na je, anasimulia mambo yakitokea au miaka mingi baadaye, kisa kinachukua muda gani, wiki mbili au miaka thelathini, na mwisho, ulilia ukurasa gani.

Hilo la nne ndilo watu hulikosea. Usitegemee kumbukumbu, fungua kitabu. Ukiulizwa utasema "nililia alipokufa", lakini ukirudi kwenye kurasa zenyewe mara nyingi utakuta chozi lilitoka baadaye kidogo: mjane anakuta koti bado limetundikwa nyuma ya mlango, barua inafika imechelewa, au mtu aliyekuwa mkali kitabu kizima anafanya wema mdogo bila kusema neno. Kifo kipo kwenye vitabu vingi mno. Namna ya kukizunguka kifo ndiyo inayomtenganisha mwandishi mmoja na mwingine, na ndiyo unayotakiwa kuitafuta.

Viweke vitatu hivyo sambamba, utaona kinachojirudia. Aliyelizwa na wazee wanaokutana tena baada ya maisha mazima kupita hatafuti kitu kimoja na aliyelizwa na kijana anayejua siku zake zinahesabika, ingawa wote wawili wataambiwa kitabu chao ni "cha kuliza". Sasa unaweza kuomba mapendekezo kwa sentensi yenye nyama: "majuto ya miaka mingi, msimulizi mzee, siri ya familia, mwisho usio wa harusi". Ukiandika "nipeni riwaya kali ya mapenzi", utatajiwa kile ambacho mjibuji alikimaliza wiki iliyopita, basi.

Kuna mtego mwingine kwa wanaosoma vitabu vya Kiingereza. Neno "romance" kwenye biashara hiyo ni kama mkataba na msomaji. Chama cha waandishi wake cha Marekani, Romance Writers of America, kinataka mambo mawili: kisa cha mapenzi kiwe kiini cha kitabu, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Ndiyo maana wasomaji wake hutumia vifupisho HEA, yaani wapenzi wanaishi pamoja kwa raha daima, na HFN, yaani wako pamoja na wana raha kwa sasa. Ukichukua kitabu kwenye rafu hiyo, hata kikutese vipi katikati, mwisho wake unaujua. Nicholas Sparks, mwandishi wa riwaya wa Marekani, amekuwa akisisitiza hadharani kwamba yeye haandiki romance bali hadithi za mapenzi, na tofauti yenyewe ni hiyo. Kama unachokitaka ni ile hofu ya kutojua watafikia wapi, hamia kwenye riwaya za jumla, za kihistoria na za familia. Waandishi wengi wanaoliza wanapangwa huko, na anayetafuta kwa neno "romance" peke yake hawaoni kabisa.

Tuje kwenye majina. Chimbo bora kuliko yote unalo tayari mkononi: ukurasa wa shukrani mwishoni mwa kitabu ulichokipenda. Waandishi huwashukuru waandishi wenzao waliosoma mswada, na hao mara nyingi wanaandika jirani nao. Chukua majina yote. Humohumo utamkuta wakala, yaani anayemtafutia mwandishi mchapishaji, na mhariri. Tafuta wakala huyo anawawakilisha nani wengine. Mawakala huwa na ladha, na mwenye mwandishi mmoja wa majuto na barua aghalabu ana wengine wawili watatu. Fungua pia ukurasa wa hakimiliki uone chapa ya mchapishaji, ile ndogo iliyo ndani ya kampuni kubwa, kwa sababu kampuni kubwa huchapisha kila kitu lakini chapa ndogo ina mkono wake. Kama kitabu ni tafsiri, mfuate mfasiri vilevile. Hii njia watu huisahau, ilhali mfasiri mzuri akishakukonga moyo kwa mwandishi mmoja, orodha ya wengine aliowafasiri ni mahali pazuri sana pa kuanzia.

Zile sifa za jaladani ("nililia hadi asubuhi") zina kazi yake, ila si kazi unayodhani. Msifiaji huenda ana mchapishaji mmoja na msifiwa, au ni marafiki tu, kwa hiyo hazithibitishi ubora. Zisome kama ramani ya ujirani: jina likijitokeza kwenye majalada matatu unayoyapenda, huyo nenda kamsome yeye mwenyewe. Maneno "kwa wapenzi wa fulani" yaruke. Hayo ni ya idara ya mauzo.

Kwenye tuzo, usimwangalie mshindi tu. Chukua orodha ya walioteuliwa. Romantic Novelists' Association ya Uingereza, chama cha tangu mwaka 1960, hutoa tuzo kila mwaka kwa makundi tofauti, na ile ya Joan Hessayon inawalenga waliochapisha riwaya ya kwanza baada ya kupitia mpango wa chama hicho wa kuwalea waandishi wapya. Kwa anayetaka jina ambalo bado halijasikika, hapo ni pazuri. Vilevile mikusanyiko ya hadithi fupi: kitabu kimoja, waandishi kumi na zaidi, kila mmoja kurasa ishirini hivi. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuonja. Angalizo tu: kuna anayeweza hadithi fupi akashindwa kabisa kubeba riwaya.

Nyota za mitandaoni zisikusumbue. Wastani wa vitabu vingi huangukia kati ya 3.5 na 4.3, na mwandishi mwenye mashabiki sugu hupanda kwa sababu wanaomsoma ni walewale. Kwenye Goodreads, mtandao ambao wasomaji hupima vitabu kwa nyota, anza na maoni ya nyota tatu, hao ndio hueleza kilichofanya kazi na kilichokwama. Kisha soma ya nyota moja, maana lalamiko la mtu laweza kuwa ndilo pendekezo lako. "Kitabu kizima hakuna kinachotokea, wanatazamana tu" ni habari njema kwa mpenda mahaba ya polepole. "Mwisho umeniudhi, nilidhani wataoana" nayo hivyohivyo. Orodha ya "waliosoma hiki walisoma pia" hukurudisha kwa majina makubwa yaleyale. Ingia hatua mbili au tatu ndani, na chagua vitabu vilivyopimwa na mamia au maelfu machache ya watu badala ya laki. StoryGraph, mtandao mwingine wa wasomaji, inasaidia zaidi kwa hitaji hili, kwa sababu unaweza kuchuja kwa hali ya moyo na kasi ya kisa, na ina maonyo ya yaliyomo. Maonyo hayo yana pande mbili: yatakuepusha na msiba usioutaka, lakini pia yatakufichulia nani anakufa. Amua mapema kama utayafungua.

Ukishapata majina kumi, usinunue. Onja kwanza. Sampuli ya kitabu pepe kwa kawaida ni takriban asilimia 10 ya mwanzo, yaani kurasa kama 30 kwa kitabu cha kurasa 300, na ndani yake hesabu pia jalada, sifa na yaliyomo. Zinatosha ukijua unachokitazama. Kwanza, je, anaitaja hisia au anaitengeneza? "Alijawa na huzuni isiyoelezeka" mara moja si neno, mara tano kwenye kurasa kumi weka chini. Pili, tafuta mazungumzo ya kwanza ya wapenzi wakiwa wawili tu. Mwandishi mzuri wa mahaba huwafanya waongee kuhusu chai au basi lililochelewa, na wewe ukasikia jingine kabisa chini yake. Wakieleza mioyo yao kwa ufasaha wa hotuba siku ya kwanza, hakuna kitakachobaki cha kukuuma baadaye. Tatu, angalia watu wa pembeni, dada, jirani, bosi. Kama wapo kwa ajili ya kumuuliza mhusika mkuu "unajisikiaje?", dunia ya kitabu ni nyembamba, na msiba ndani ya dunia nyembamba hauumi. Nne, machozi ya mapema: akikuletea jeneza ukurasa wa tatu na kukutaka ulie kabla hujamjua marehemu, ana haraka, na haraka hiyo itakufuata hadi mwisho.

Sampuli ikipita, kuna swali la wapi pa kukata tamaa. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni inayojulikana: kipe kitabu kurasa 50, na ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kwa hiyo mwenye miaka 62 anatoa kurasa 38. Kwa riwaya za mapenzi ningeirekebisha: fika kwanza kwenye mazungumzo yale ya wawili, hata yakiwa ukurasa wa 70, maana kisa cha polepole hukidhulumu ukikipima kwa kurasa tu.

Kitabu kipi cha kuanzia kwa mwandishi mwenye vingi? Cha kwanza mara nyingi bado anajifunza. Kipya zaidi huenda kimeandikwa kwa kukimbizana na mkataba. Cha pili hadi cha nne ndipo wengi huwa wamepata sauti yao. Hakikisha si katikati ya mfululizo, na tazama mwaka wa toleo la kwanza kwenye ukurasa wa hakimiliki: mwandishi akipata jina, kazi zake za zamani huvishwa jalada jipya, na wewe unadhani ni mpya. Angalia pia kama ana lakabu, kwa kuwa wapo wanaoandika vichekesho vya mapenzi kwa jina moja na vya simanzi kwa jingine.

Hadithi za mtandaoni, kama za Wattpad, zipime tofauti. Hakikisha imewekewa alama ya kukamilika, la sivyo utaachwa hewani sura ya 40. Na ukiona hisia zinarudiwarudiwa kila sura, jua ziliandikwa kwa msomaji aliyesubiri wiki nzima na kusahau. Soma sura mbili kwa siku, kero hiyo hupungua.

Jambo la mwisho, usimjaribu mgeni siku mbili baada ya kumaliza kitabu cha kipenzi chako. Atashindwa tu, hata awe nani. Weka kitu cha aina nyingine katikati, upelelezi au safari, na usipange vya kuliza vitatu mfululizo. Cha tatu hukikuta moyo umeshakufa ganzi na lawama anabeba mwandishi. Kwa kila unayemjaribu andika mstari mmoja: jina, kitabu, ukurasa ulioachia, sababu. Kwa makadirio yangu, kati ya sampuli kumi tatu zitastahili kusomwa hadi mwisho na moja itakupa mwandishi wa kudumu. Wale sita uliowatupa waandikie mistari yao pia, kisha weka hapa chini pamoja na mambo manne ya vitabu vyako vitatu. Kwa hayo tutakutajia majina.