London hadi Paris: umbali na muda wa ndege

Dada, umeuliza London hadi Paris ni mbali kiasi gani na ndege inachukua muda gani. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 344. Tiketi itaandika saa moja na robo hivi, ingawa angani kwenyewe hamkai hata saa nzima. Mnapanda, mnapewa maji, mnaanza kushuka. Paris iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ukiondoka saa nne asubuhi unatua saa sita na robo mchana kwa saa za kule. Usije ukampanga wa kukupokea vibaya.

Ila mimi ningekushauri treni, kwa moyo wote. Eurostar inatoka kituo cha St Pancras, London, hadi kituo cha Gare du Nord, katikati kabisa ya Paris, kwa saa mbili na dakika ishirini hivi, ikipita chini ya bahari kwenye lile handaki lililofunguliwa 1994. Ndege ukijumlisha kwenda uwanja wa Heathrow, ukaguzi, kisha kutoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi mjini Paris, nusu siku imekwisha.

Na tafadhali, kama unasafiri kwa pasi ya Kenya au Tanzania, viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Omba mapema ya Schengen, ile viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo.