Mbwa Anayejificha, Kasuku wa Kalangala na Maswali Mengine ya Wafugaji

Barua nyingi zilizonifikia majuma haya, mimi mfundishaji wa wanyama, zinauliza mnyama aadhibiwe vipi. Nimechagua tano, na kila panapohusu tabia ya mnyama nimeanza kwa kujiuliza jambo jingine kwanza: mnyama huyu anapata nini, au anakwepa nini, kwa kufanya anavyofanya?

Shikamoo, mwalimu. Nimemchukua mbwa jike aliyeokotwa sokoni akiwa na jeraha shingoni. Hii ni wiki ya tatu, bado anajificha nyuma ya jerikani za maji, hataki kula mbele yetu, na mume wangu akiingia anajikojolea. Ameharibika kabisa? (Mama wa Arua)

Marahaba, mama. Hajaharibika. Kujikojolea huko si ukaidi wala uchafu, bali ndivyo mbwa mwenye hofu anavyojinyenyekeza, na kila akikemewa anaongezewa sababu ya kuogopa. Jeraha la shingoni linanifanya nidhani kwamba alifungwa kamba au waya akiwa mdogo, shingo ikakua na kamba ikabaki ileile; kwa mbwa wa namna hiyo, mkono unaoshuka kutoka juu ya kichwa ni tishio hata ukiwa umeshika nyama. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa huwazoea watu kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 au 14 hivi. Aliyekosa mikono ya upole wakati huo hujifunza baadaye, ila polepole.

Msimvute atoke. Nunua mapafu ya ng'ombe buchani, uyachemshe bila chumvi na kuyakata vipande vidogo kama punje za maharage. Mume wako aketi chini hatua nne kutoka kwenye jerikani, amgeuzie mbwa ubavu, asimtazame machoni, kisha arushe kipande nyuma ya mbwa, si mbele yake. Wengi hushangaa hapa. Mbwa akirushiwa mbele, njaa humsogeza karibu kuliko ujasiri wake unavyomruhusu, na akishameza anajikuta miguuni pa mtu anayemwogopa. Hapo ndipo wengine huuma. Akirushiwa nyuma, anapata chakula na nafasi ya kupumua kwa pamoja, halafu anarudi kwa hiari yake. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Akianza kulamba pua hali hajala, kupiga miayo hali hana usingizi, au kuonyesha weupe wa macho pembeni, basi mtu amesogea mno na arudi nyuma hatua moja. Mbwa mmoja niliyemhudumia hivi katika kituo cha wanyama waliookolewa, pembezoni mwa Kampala, alichukua siku 19 kabla ya kuninusa goti, na siku hiyo pia sikumgusa.

Mbwa wetu amemng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira karibu na sahani yake ya posho. Majirani wanataka auawe leo. Tufanye nini? (Msomaji wa Jinja)

Mtoto kwanza. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, lisipakwe majani, mafuta wala pilipili, na mtoto afikishwe kituo cha afya leo hii, hata kama meno yamekwaruza tu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa ndiyo inayomwokoa. Kuhusu mbwa, msimuue kwa haraka. Afungiwe peke yake kwa siku 10 huku daktari wa mifugo akimwangalia, maana mbwa anayebaki mzima muda huo wote hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Habari hiyo daktari wa mtoto anaihitaji, na mbwa aliyezikwa jioni ileile hawezi kuitoa. Matibabu ya mtoto, hata hivyo, yasisubiri siku hizo kumi.

Sasa tabia yenyewe. Hukuniambia kama mbwa huyu aliwahi kupigwa kwa kunguruma, lakini ningeweka dau kwamba ndivyo. Anayepigwa kwa kunguruma haachi kukasirika, huacha kuonya. Mimi mwenyewe nina kovu kwenye kidole gumba tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipoambiwa kwamba dawa ya mbwa mchoyo ni kumnyang'anya sahani ili ajue nani bwana. Fikra hiyo ilienea sana kutokana na uchunguzi wa mbwamwitu waliofungiwa pamoja, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliuchapisha mwaka 1947. Mwaka 1999 David Mech, mtafiti wa mbwamwitu, alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si jeshi linalogombania cheo. Baada ya siku 10 kwisha salama, mbwa ale nyuma ya geti lililofungwa, mbali na watoto. Mtu mzima apite nje ya geti, amtupie mukene (dagaa) wawili watatu sahanini na kuendelea na safari yake, bila kusimama. Baada ya majuma kadhaa, hatua za mtu zinazokaribia zitakuwa habari njema. Hata hapo, watoto wasiachwe naye akiwa anakula.

Assalaam alaikum. Mbwa wetu wa ulinzi anabweka mchana kutwa akiwa kwenye mnyororo. Baba hataki mate yake yamguse. Anaweza kufundishwa bila kushikwa? (Msomaji wa Bombo)

Wa alaikum salaam. Hukumu ya mate mwachieni shekhe wenu, maana madhehebu ya Shafii na ya Maliki hayasemi jambo moja, ingawa mbwa wa kulinda mifugo na shamba ametajwa kwa ruhusa katika hadithi. Upande wangu jibu ni ndiyo, tena bila shida. Wanaofundisha pomboo hutumia filimbi, kwa kuwa mnyama yuko majini na mkono haumfikii. Baba apulize filimbi mara moja, fupi, kisha atupe kipande cha chakula chini. Baada ya kurudia mara nyingi, filimbi yenyewe itakuwa ahadi. Kuanzia hapo ipulizwe tu pale mbwa anaponyamaza, hata kwa sekunde mbili.

Mnyororo ndio unaonisumbua zaidi. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo hujitetea kwa kelele. Boda boda anapita zake, naye anaamini kwamba amemfukuza. Kila mpita njia anamlipa. Zibeni upande wa barabara kwa mabati asione nje, na kama ua umefungwa vizuri, mfungueni.

Nimeuziwa kinda la kasuku wa kijivu. Nimfundishe vipi kusema? (Msomaji wa Kalangala)

Usimfundishe. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kuizuia biashara ya kimataifa ya kasuku huyu aliyekamatwa porini. Nilichokiona kwa macho yangu ni kasuku wa tundu dogo aliyejinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi, huku akisema "karibu" kwa kila mgeni. Wapigie Mamlaka ya Wanyamapori, na usimrudishie aliyekuuzia, kwa kuwa atamuuza tena.

Nina stashahada ya afya ya mifugo na ninataka kazi kama yako. Nianzie wapi? (Kijana wa Gulu)

Mahali pazuri umekaa tayari. Hapo Gulu, The BIG FIX Uganda wana mradi unaowaunganisha watu walioumizwa nafsi na vita na mbwa wa kuwafariji. Omba kujitolea, hata kama ni kufagia mabanda. Kuhusu pesa nikuambie kweli: wateja hulipa kwa moyo mkunjufu kwa ajili ya mbwa mkali wa getini, na hunung'unika wakiombwa kumlipia mbwa mwoga. Na saa zako nyingi zitakwenda kwa watu, maana mbwa atajifunza kwa wiki moja jambo ambalo baba mwenye nyumba atalipinga kwa miezi mitatu.

Kabla ya mbwa, anza na kuku. Wakufunzi wengi wamejifunzia kwake, kwa sababu ana haraka, hakupendi, na ukichelewa nusu sekunde kumpa punje anashika jambo usilolikusudia. Weka vizibo vitatu vya soda chini, kimoja umekipaka rangi nyekundu, na umlipe punje moja ya mtama kila akidonoa hicho chekundu tu. Vibadilishie nafasi kila mara. Siku atakapokidonoa mara kumi mfululizo bila wewe kumgusa, niandikie tena.