Muulize Fundi: Roboti yangu ya tebo tenisi inarusha nje ya meza

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, napenda sana tebo tenisi ila jioni sina wa kupiga naye, washkaji wote wameishia kwenye simu. Nikajiundia kimashine cha kurusha mipira, mota nimechomoa kwenye printa mbovu, tairi la gari la kuchezea, kipande cha bomba na ndoo juu. Sasa mpira unatoka lakini unaelea tu, unapita meza nzima unagonga ukuta, nikipunguza spidi unaishia kwenye neti. Kuna jamaa kaniambia ninunue mota kubwa. Halafu saa nyingine inatema miwili kwa mpigo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hiyo hela ya mota kaa nayo kwanza. Hujasema tairi umelifunga wapi ila kwa hiyo tabia ya kuelea liko chini ya bomba, najua. Tairi likisukuma mpira kwa chini, tumbo linakimbilia mbele na mgongo unabaki, yaani mpira unazunguka kinyumenyume kama ule wa kukata, na kitu chenyewe kina gramu 2.7 tu basi hewa inakibeba. Geuza kichwa chote, yaani bomba na mota na tairi lake, juu chini, waya usiguse, tairi likae juu ya mpira, utaona ukivuka neti unainama wenyewe kushuka mezani na hapo hata spidi unaweza kuongeza. Tairi la kipenyo cha sentimita 5 likizunguka mara 3000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia kilomita 28 kwa saa hivi, mpira wenyewe unatoka na spidi ndogo kuliko hiyo, kwa kuanzia mazoezi inakutosha.

Tairi la plastiki gumu linateleza. Chukua ndala kuukuu, kata duara, toboa katikati kabisa maana ukikosea kidogo tu mashine yote inatetemeka kama bajaji kwenye matuta. Mpira ni milimita 40, kwa hiyo nafasi kati ya ndala na ukuta wa bomba acha kama 38 ili uubane kidogo. Na ukienda kununua bomba beba mpira mfukoni uujaribishe palepale dukani, usiamini namba zilizoandikwa.

Kuhusu kutema miwili, hapo ndo penye kazi kweli, kurusha ni rahisi kuliko kulisha. Weka diski nene ndani ya ndoo, kwenye kitako, unene uukaribie mpira, itoboe matundu mawili ya milimita 45 hivi, kila tundu libebe mpira mmoja tu. Halafu juu ya shimo la kutokea funika na kibati ili ile ya juu isidondokee humo. Izungushe na mota ya waipa ya gari, ina nguvu, ila iwekee kirekebisha spidi, ikienda mara 15 kwa dakika unapata mipira 30. Umeme tumia pawa saplai ya kompyuta ya zamani, ule waya wa volti 12. Na mota ikiwa inazunguka usiingize kidole kuchomoa mpira ulionasa, zima kwanza, mimi kucha yangu moja ilishaondoka hivyo.

SWALI: Mipira mipya inakwama kuliko ya zamani, kwanini?

JIBU: Ina ungaunga wa kiwandani, unateleza kwenye tairi. Ioshe na maji ya sabuni uanike. Yenye ufa itoe yote, mmoja tu unasimamisha ndoo nzima.