Buibui tele kwenye mpunga, haba kwenye mafunjo: ni kweli?

Swali: Mwalimu, nasoma shahada ya kwanza na utafiti wangu naufanya Butaleja, mashariki mwa Uganda. Nimefagia majani kwa wavu mara 50 kwenye mpunga na mara 50 kwenye mafunjo ya kinamasi cha jirani. Mpunga umenipa buibui wengi kuliko mafunjo. Nilitarajia kinyume chake. Je, mafunjo hayawafai buibui?

Jibu: Dada, kwanza tuuhoji wavu. Mpunga ni laini, unainama, na wavu wako unapita juu hadi karibu na maji. Mafunjo yaliyokomaa yanafika mita 4 au zaidi. Shina lake la pembe tatu halina majani, na linausukuma wavu pembeni. Kwa hiyo umefagia mashina matupu katikati, ukaacha vichwa juu na takataka za mimea chini. Hapo pawili ndipo buibui walipo. Umbo la mmea linaamua nani anaishi pale, na pia linaamua nani utamkamata. Wanafunzi wengi husahau hilo la pili.

Sasa tuje kwenye mafunjo yenyewe. Kichwa chake kina nyuzi nyingi nyembamba zilizotawanyika kama mwavuli uliochakaa, na kila uzi ni mahali pa kufunga utando mdogo. Wafumao tando kubwa za duara wanataka kitu kingine: mashina imara yenye nafasi wazi kati yake. Yakisongamana mno, utando haufunguki. Tetragnatha, wale wembamba wanaojinyoosha kando ya jani hadi usiwaone, hutandaza juu ya maji kuwavizia wadudu wanaoibuka, na hao wanaufurahia mpunga pia. Chini, mashina yaliyoanguka na kuoza yanatengeneza godoro ambamo Lycosidae, familia ya buibui wawindaji, hukimbia na kuwinda bila utando. Maji yakipanda, godoro linazama, nao huhama au hupanda juu.

Mpunga, kwa upande wake, una kimo kimoja. Shamba zima linapandwa pamoja na kuvunwa pamoja, kwa hiyo hata wakiwa wengi, tazamia spishi chache. Hesabu yako ya buibui na hesabu ya spishi zisikuchanganye. Mwaka 1984 mtafiti Matthew Greenstone alilinganisha umbo la mimea na upatikanaji wa mawindo, akaona utofauti wa kimo cha ncha za mimea unaendana zaidi na utofauti wa spishi za buibui wa utando. Si hukumu ya mwisho kwa kila kinamasi, lakini ni pa kuanzia.

Rudi shambani. Kichwa cha mafunjo kivike kavera (mfuko wa plastiki), ukifunge shingoni, ndipo ukate. Chini, tafuta kwa mkono kwa muda uleule kila kiwanja, na urudie usiku na tochi ya kichwani: macho ya Lycosidae yanang'aa. Kwenye mpunga pia utafute kwa mkono, maana huwezi kulinganisha wavu na mkono. Kila kiwanja cha mita 1 ya mraba, hesabu mashina, pima kimo chake na kina cha takataka na cha maji. Buibui wachanga wahesabu tu, usiwalazimishie jina la spishi. Viungo vya uzazi vinavyotofautisha spishi huonekana kwa wakubwa.

Halafu kuna jaribio ambalo mimi ningelipenda kuliko yote. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, uchomeke mashina makavu ya mafunjo kwenye nusu ya viwanja vya mpunga, nusu uiache. Mawindo ni yaleyale, maji ni yaleyale, dawa ya wadudu ni ileile. Wafumaji wakiongezeka kwenye vijiti, umeshapata sura yako ya matokeo. Vichomeke mapema, kabla mpunga haujarefuka.