Shajara ya Maybrick: tafuta ilipokosea kabla ya kuhangaikia wino

Ndugu uliyeuliza kama shajara ya James Maybrick ni ya kweli, na mtu aliye Nairobi aanzie wapi kuichunguza, nimekaa na jambo hili miaka minne. Nikueleze nilikopitia.

Niliingilia mlango wa nyumbani. Nilikuwa nikifuatilia kesi ya Lord Erroll, mlowezi Mwingereza wa tabaka la juu, aliyepigwa risasi ndani ya gari lake upande wa Karen Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton, mlowezi mwenzake, alishtakiwa, akaachiliwa Julai, na mwaka uliofuata akafia Liverpool, Uingereza. Nikisoma habari za mji huo nikakutana na Maybrick, mfanyabiashara wa pamba aliyefariki Mei 1889, mkewe Florence akahukumiwa kwa kumpa sumu. Mwaka 1992 Michael Barrett alijitokeza na albamu kuukuu iliyokatwa kurasa za mwanzo. Ndani mna kurasa 63 za mtu anayejiita Jack the Ripper, yule muuaji wa wanawake wa London mwaka 1888 ambaye hakujulikana ni nani, na maelezo yote yanamwelekea Maybrick.

Wengi hukimbilia wino. Nami nilimaliza miezi huko. Waliopima hawakukubaliana, na sisi hatuna maabara. Mwandiko nao haufanani na ule wa hati za Maybrick. Watetezi husema mkono wa mwenye wazimu hubadilika. Hapo mtabishana hadi kuche.

Kilichonifungua macho ni daftari la mzee mmoja wa Ngong, marehemu sasa, ambalo wajukuu wake waliniazima. Tarehe ni za 1941, na mzee anasimulia alivyozipata habari za Erroll mjini. Karatasi zimechakaa, wino umekuwa wa kahawia. Nilifurahi hadi nikashindwa kulala. Kisha nikafika anaposema alisimama Kenyatta Avenue. Mwaka ule barabara hiyo ilikuwa Delamere Avenue! Mzee hakudanganya, Mungu amrehemu. Aliandika kumbukumbu zake baada ya Uhuru, akaziwekea tarehe za matukio yenyewe. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa maandishi yoyote ni hili: amekosea wapi, na kosa hilo amelitoa wapi?

Nikairudia shajara ya Maybrick kwa swali hilo. Mary Kelly, mmoja wa waliouawa na Jack the Ripper, aliuawa Novemba 1888, na magazeti yakaandika kwamba baadhi ya viungo vyake, matiti yakiwamo, viliachwa mezani. Ripoti ya daktari Thomas Bond, aliyeuchunguza mwili, iliyopatikana tena 1987, inaonyesha matiti hayakuwa mezani. Shajara inasema mezani. Muuaji asahau kazi ya mikono yake mwenyewe, halafu akosee sawasawa na magazeti? Mimi hilo halinipiti kooni. Tena shajara inataja kopo tupu la kiberiti kwa maneno yanayokaribia sana orodha ya polisi ya vitu vya Catherine Eddowes, mwingine aliyeuawa na Ripper, orodha ambayo umma uliisoma vitabuni miaka ya 1980. Mzee wangu wa Ngong ana udhuru wa kumbukumbu. Shajara hii haina, kwa sababu inajitia sahihi ya Mei 3, 1889.

Maneno ya Barrett usiyategemee. Alisema alipewa na rafiki, baadaye akakiri ameighushi, kisha akakanusha. Mkewe naye alisema ilikuwa ya familia yake.

Liko jambo moja ambalo bado linanisumbua, na sitakuficha. Machi 9, 1992 mafundi walifungua mbao za sakafu katika Battlecrease House, nyumba ya Maybrick, na siku hiyohiyo Barrett akampigia simu wakala wa vitabu London. Nimeligeuza kila upande. Lakini hata kama kitabu kilitoka chini ya sakafu ile, kosa la meza liko palepale.

Kwa hiyo chukua nakala ya maneno ya shajara, uyaweke kando ya magazeti ya 1888, mengi yamo mtandaoni siku hizi. Anza na Kelly, mstari kwa mstari, na penseli mkononi.