Mama anaharisha tangu aanze mionzi

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu wa Tukuyu ana kansa ya mlango wa kizazi, yuko Dar anapigwa mionzi ya nyonga, wiki ya tatu sasa anaharisha na mkojo unamchoma, majirani wanasema aache. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Asiache! Mionzi ya nje, yaani ile inayopigwa na mashine kutoka nje ya mwili, huwa vipindi kama 25 hivi, siku tano kwa wiki, na kukatisha katikati kunaipa kansa nafasi. Kuharisha kunatokea sana kwa sababu utumbo na kibofu viko palepale jirani na kizazi, vinapata mionzi kidogo. Sasa kwa muda huu apunguze maharage, makande, mboga za majani nyingi na pilipili, ale wali, ndizi za kupika, viazi vilivyomenywa, anywe maji na ORS (ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo, ulanzi, ile pombe ya mianzi, hapana hata akiletewa na shemeji kutoka Iringa. Dawa ya kuzuia kuharisha aandikiwe hukohuko, na mkojo upimwe maana inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Wakimwambia aingie kwenye mashine kibofu kimejaa asione kero, kinausukuma utumbo pembeni.

Lingine watu wanaona aibu kulisema, uke unaweza kubana na kukauka baadaye, kwa hiyo akimaliza aulize nesi kuhusu vifaa vya kuutanua na kilainishi cha maji. Akiona homa, damu nyingi au anaishiwa nguvu, aende siku hiyohiyo.